Matembezi ya Hisani kwa Ajili ya Uvimbe wa Ubongo: Mwongozo Kamili wa Kuyaandaa

Matembezi ya hisani kwa ajili ya uvimbe wa ubongo yanafanana na matembezi mengine ya hisani kwa mambo mengi: kuna njia, kuna fulana, kuna mabango, kuna sanduku la michango. Yanatofautiana nayo kwa jambo moja ambalo waandaaji wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Baadhi ya watu ambao shughuli nzima inafanywa kwa ajili yao watafika wakiwa na mguu usiotii, jicho lisiloona upande mmoja, ulimi unaotafuta maneno, au dawa ya kifafa mfukoni. Mwongozo huu unamweka mtu huyo mbele: njia, muda, jukwaa na hata namna ya kuomba michango vinapangwa kwa kipimo chake. Mwenye afya na nguvu zake hatapungukiwa na kitu.

Hatua ya kwanza: Andikeni lengo, kisha mchague tarehe

Kikao cha kwanza kitoke na sentensi mbili zilizoandikwa. Ya kwanza itaje watu mnaowalenga na jambo wanalotakiwa kulijua baada ya matembezi. Ya pili itaje kazi ambayo fedha zitafanya. “Kuongeza uelewa” si lengo, kwa sababu hakuna atakayeweza kusema kama limefikiwa. “Kila mzazi na mwalimu atakayehudhuria aondoke akizijua dalili za hatari kwa mtoto” ni lengo.

Vivyo hivyo, “kusaidia wagonjwa” ni maneno mapana mno ya kuombea fedha. Chukueni mfano wa usafiri. Mtu mzima mwenye glioblastoma, ambao ndio uvimbe wa saratani unaoanzia kwenye ubongo unaowapata watu wazima mara nyingi zaidi, kwa kawaida hupewa mionzi mara 30, siku tano kwa juma kwa majuma sita, na kila mara hana budi kufika hospitalini. Nchi nyingi humzuia mtu aliyepatwa na kifafa kuendesha gari kwa kipindi fulani, kwa hiyo pana mtu mwingine anayeacha shughuli zake ili ampeleke. Fedha za kulipia safari hizo 30 za kwenda na kurudi zinahesabika, mchangiaji anazielewa, na matumizi yake yanathibitika. Mkitaka kuchangia utafiti, chagueni taasisi iliyopo tayari yenye jopo la wanasayansi linalopima maombi ya fedha. Msijaribu kuanzisha mfuko wenu wa utafiti kwa mapato ya asubuhi moja.

Kuchangisha kwa ajili ya mgonjwa mmoja kunaruhusiwa, lakini ni shughuli ya aina nyingine na lazima itangazwe hivyo. Swali gumu lijibiwe mapema, kwa maandishi, pamoja na familia: ikiwa mgonjwa atafariki kabla fedha hazijatumika, au ikiwa kitapatikana zaidi ya kinachohitajika, salio litakwenda wapi? Swali hili huonekana la kikatili likiulizwa mwanzoni. Likiulizwa baada ya msiba, huvunja kamati na udugu.

Kuhusu tarehe, kuna nyakati ambazo vyombo vya habari huwa tayari kusikiliza. Siku ya Uvimbe wa Ubongo Duniani huadhimishwa tarehe 8 Juni; ilianzishwa mwaka 2000 na chama cha Ujerumani, Deutsche Hirntumorhilfe. Uingereza hutumia mwezi Machi kwa uhamasishaji huu, na Marekani mwezi Mei. International Brain Tumour Alliance, ambao ni muungano wa kimataifa wa vyama vya wagonjwa, huwa na juma lake mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Rangi inayotambulika ni kijivu, hivyo utepe wa kijivu utaeleweka mahali popote. Hata hivyo, msilazimishe tarehe ya kimataifa ikiwa inaangukia msimu wa joto kali au mvua kubwa kwenu. Mgonjwa hawezi kungoja mvua ipite akiwa amesimama chini ya mti.

Hatua ya pili: Kamati na vibali

Miezi sita inatosha kwa matembezi ya watu mia kadhaa. Minne inatosha kwa kundi dogo lisilofunga barabara. Kamati iwe na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mratibu wa wanaojitolea, mtaalamu wa afya, na angalau mtu mmoja anayeishi na uvimbe wa ubongo au anayemuuguza mwenye ugonjwa huo. Huyu wa mwisho asiwekwe kwa ajili ya picha. Apewe mamlaka ya kukataa jambo.

Ombeni vibali mapema na kwa barua: polisi kwa ajili ya msafara na barabara, serikali ya mtaa au manispaa kwa ajili ya mkusanyiko, na mwenye uwanja kwa ajili ya eneo la kuanzia na kumalizia. Nchi nyingi zina kibali cha pekee cha kuchangisha fedha hadharani, na hicho ndicho kinachosahaulika zaidi. Ulizeni pia kuhusu bima ya dhima kwa umma. Kikundi kisichosajiliwa kitapata njia nyepesi kikishirikiana na hospitali au chama kilichosajiliwa, mradi makubaliano yaandikwe kuhusu nani anashika fedha.

Hatua ya tatu: Tengenezeni ujumbe wa afya unaoshikika mkononi

Mtu akitembea kilomita mbili kisha akarudi nyumbani bila kujua dalili hata moja, amefanya mazoezi tu. Jambo lenye manufaa kuliko hotuba ni kadi ndogo inayoingia kwenye pochi. Mfano mzuri ni kampeni ya HeadSmart iliyozinduliwa Uingereza mwaka 2011, ambayo iligawa kadi za dalili kwa wazazi, vijana, walimu na madaktari. Katika miaka iliyofuata, muda wa kati tangu dalili ya kwanza hadi mtoto kugunduliwa ulishuka kutoka takriban wiki 14 uliokuwa miaka michache kabla hadi chini ya wiki 7.

Kadi ya watoto itaje kutapika kunakojirudia, hasa asubuhi, maumivu ya kichwa yasiyokoma, kuyumba wakati wa kutembea, macho kucheza au kuona vitu viwili viwili, kichwa kuinamia upande mmoja, degedege, mabadiliko ya tabia au uchovu usio wa kawaida, kichwa cha mtoto mchanga kukua kupita kiasi, na kwa kijana, balehe inayochelewa au kusimama. Kadi ya watu wazima itaje kifafa kinachoanza ukubwani, maumivu mapya ya kichwa yanayozidi siku hadi siku na kuwa makali asubuhi au wakati wa kukohoa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kukosa maneno, kupungua kwa kuona, na mabadiliko ya haiba ambayo ndugu huyaona kabla ya mwenyewe.

Kadi hiyo hiyo iseme wazi kwamba maumivu mengi ya kichwa hayatokani na uvimbe. Ukiiacha sentensi hii, utajaza zahanati watu wenye hofu na utawachosha wahudumu walewale unaotaka wakusikilize. Kinachotakiwa kumpeleka mtu kwa daktari ni dalili mpya, inayodumu au kuzidi, hasa ikiandamana na nyingine.

Kuna makosa manne ambayo mabango huyarudia. La kwanza ni kuandika “saratani ya ubongo” kana kwamba ndiyo ugonjwa wote. Aina za uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo zinazotambuliwa na Shirika la Afya Duniani ni zaidi ya 100, na nyingi si saratani. Meninjioma, ambao huota kwenye utando unaofunika ubongo, mara nyingi hukua polepole na hausambai. Lakini fuvu halitanuki, na hata uvimbe usio wa saratani unaweza kuua au kulemaza kwa kukandamiza ubongo, kwa hiyo kuuita “usio na madhara” nalo ni kosa la pili. La tatu ni kusahau wale ambao uvimbe wao umetokana na saratani ya mapafu, matiti, figo au ngozi iliyosambaa hadi kwenye ubongo; kwa watu wazima hao ni wengi kuliko wenye uvimbe ulioanzia kwenye ubongo wenyewe.

La nne ni kutafuta wa kulaumiwa. Visababishi vilivyothibitishwa ni vichache: mionzi mikali, kama ile ya matibabu ya kichwa utotoni, na magonjwa kadhaa ya kurithi kama vile neurofibromatosi. Kwa wagonjwa walio wengi chanzo hakijulikani. Simu za mkononi zitaulizwa tu, jiandaeni: mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu “vinavyoweza” kusababisha saratani, na mapitio makubwa ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo. Ugonjwa huu hauambukizi, na mgonjwa hakujitakia. Daktari wa mishipa ya fahamu au wa upasuaji wa ubongo apitie kila neno kabla ya kuchapisha.

Hatua ya nne: Pimeni njia kwa kiti cha magurudumu

Njia iliyo bora kwa shughuli hii ni mzunguko mfupi, wa kilomita moja hivi, unaorudiwa. Anayetaka kilomita tano azunguke mara tano; anayeweza nusu mzunguko ageuze njia arudi bila kuonekana amekata tamaa. Katika njia ndefu ya moja kwa moja, wenye nguvu hufika mapema, hupiga picha na kuondoka, na mgonjwa huwasili wakati mahema yanafungwa. Katika mzunguko, wote hukutana tena na tena, na hakuna anayekuwa mbali na choo, maji au kiti.

Kabla ya kuomba kibali, chukueni kiti cha magurudumu, mwekeni mtu mzima juu yake, na mkisukume njia nzima. Mtagundua mambo ambayo ramani haisemi: ukingo wa barabara wenye kimo cha kiganja ambao mtembeaji huuruka bila kufikiri, changarawe inayomeza magurudumu ya mbele, lango lililozibwa kwa nguzo kuzuia pikipiki, mteremko ambao msukumaji hawezi kuushikilia peke yake. Andikeni kila kikwazo na jina la atakayekiondoa. Kisichoondoleka kinabadilisha njia.

Viti vya kupumzikia viwe kila mita 200 hivi, na viwe na mikono ya kushikilia. Wagonjwa wengi hutumia deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi inayopunguza uvimbe wa maji unaozunguka uvimbe wenyewe, na matumizi yake ya muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja na nyonga. Mtu wa namna hiyo anaweza kutembea vizuri kabisa kisha akashindwa kuinuka kutoka kwenye benchi la chini. Kwa sababu hiyohiyo, jukwaa liwe na mteremko badala ya ngazi, na angalau choo kimoja kiwe cha kukalia chenye kishikio.

Anzeni asubuhi na mapema. Ngozi ya kichwa iliyopigwa mionzi huungua haraka juani, kwa hiyo kofia ni zawadi yenye maana kuliko fulana. Uchovu wa mionzi nao haufanani na uchovu wa kawaida. Unaweza kuongezeka hata baada ya matibabu kumalizika, na usingizi wa usiku mmoja hauuondoi. Tengeni hema la utulivu mbali na vipaza sauti, lenye kivuli na mahali pa kujinyoosha. Mwanga unaomweka huamsha kifafa kwa watu wachache tu, lakini hauna faida yoyote katika matembezi, basi uacheni. Kelele na msongamano, kwa upande wake, huwachosha wengi.

Wapo watakaoshindwa kufika kabisa. International Brain Tumour Alliance iliwahi kuialika dunia kutembea kwa kujumlisha umbali wa kila mshiriki, lengo likiwa kuizunguka dunia kwa hesabu, yaani takriban kilomita 40,000. Wazo hilo linafaa hata kwa kundi dogo: aliyetembea korido ya wodi mara mbili atume umbali wake, nao uandikwe kwenye ubao uleule wa wote.

Hatua ya tano: Fedha

Fungueni akaunti ya pekee kwa ajili ya shughuli hii, yenye watia saini wawili wasio ndugu. Namba ya kupokelea fedha kwa simu iwe imesajiliwa kwa jina la taasisi, si la mweka hazina, na iwe moja tu katika matangazo yote. Namba zikiwa mbili, tapeli ataongeza ya tatu na hakuna atakayeshtuka.

Tengenezeni bajeti mbili. Ya kwanza ni ya gharama ambazo hazipungui hata wakija watu kumi: vibali, bima, mahema, vyoo, huduma ya kwanza. Ya pili ni ya gharama zinazopanda kwa kila mshiriki: maji, kadi, utepe, fulana. Lengeni wadhamini wabebe bajeti ya kwanza yote kabla ya kufungua usajili, ili mchango wa mtu wa kawaida uende moja kwa moja kwenye lengo, nanyi muweze kulisema hilo bila kumung’unya maneno. Mkifika miezi miwili kabla ya siku na wadhamini hawajatosha, punguzeni shughuli, msichukue mkopo.

Fulana ndiyo shimo linalomeza matembezi mengi ya hisani. Agizeni kwa idadi ya waliokwisha kulipa ifikapo tarehe ya mwisho, ongezeeni kidogo, basi. Katoni za fulana za saizi kubwa zinazobaki sebuleni kwa katibu ni fedha za wagonjwa.

Kuna njia tatu kuu za kupata mapato: ada ya usajili, ahadi za wachangiaji wa kila mtembeaji, na makusanyo ya siku yenyewe. Mgonjwa na msindikizaji wake mmoja wasilipe ada. Kuhusu ahadi, watu wengi hupenda mtindo wa kuahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Kwa ugonjwa huu siupendekezi hata kidogo: unamfanya aliye dhaifu aonekane amechangisha kidogo, na unamshawishi ajikaze kupita uwezo wake. Ahadi iwe ya kiasi kimoja kwa kushiriki, na ikusanywe kabla ya siku au ndani ya majuma mawili baada yake, kwa kuwa ahadi huchuja upesi.

Fedha taslimu ziingie katika masanduku yaliyofungwa kwa lakiri yenye namba, kila moja likibebwa na watu wawili. Yahesabiwe palepale uwanjani, kwenye chumba chenye mlango, na watu wawili ambao hawakuyabeba. Fomu isainiwe na wote, kisha fedha zipelekwe benki siku ya kwanza ya kazi. Msitoe gharama yoyote kwenye sanduku, hata ya maji ya dharura.

Wadhamini wapimwe. Mkataeni anayeuza virutubisho au dawa zinazodai kuyeyusha uvimbe, hata kama hundi yake ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu anachonunua ni uwezo wa kuwafikia watu waliokata tamaa. Kwa sababu hiyohiyo, mdhamini yeyote asiruhusiwe kukusanya namba za simu za wagonjwa kwenye banda lake.

Hatua ya sita: Waandaeni wanaojitolea

Kikao kimoja cha saa mbili kinatosha, mradi kifanywe kwa vitendo. Somo la kwanza ni kifafa. Mtu akianguka na kutetemeka, anayejitolea aangalie saa, aondoe vitu vigumu vilivyo karibu, aweke kitu laini chini ya kichwa, asimshike kwa nguvu na asimwingize kitu chochote mdomoni, wala kijiko wala kidole. Mtetemeko ukiisha, amlaze ubavu na asimpe maji mpaka azinduke kabisa. Ambulansi iitwe ikiwa mtetemeko umepita dakika tano, umejirudia, ni wa kwanza maishani, au mtu ameumia au anapumua kwa shida. Wawili wengine wageuke kuwatazama watu, wasimame wakiwa wameunda ukuta, na kamera zizuiwe.

Somo la pili ni kuona. Uvimbe unaweza kumfanya mtu apoteze nusu ya uwanja wa kuona katika macho yote mawili. Aliyepoteza upande wa kushoto hatamwona anayemjia kutoka kushoto, atagongana na nguzo ya upande huo, na hataiona chupa ya maji aliyowekewa hapo. Kumsalimia, simama upande anaouona. Kumsindikiza, tembea upande asiouona. Wafanyeni wanaojitolea watembee wakiwa wameziba nusu ya miwani kwa karatasi. Dakika tano zitawafundisha zaidi ya maelezo.

Somo la tatu ni maneno. Mtu ambaye uvimbe umegusa sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha anajua anachotaka kusema, na akili yake ipo. Ulizeni maswali ya ndiyo au hapana, ngojeni, msimmalizie sentensi wala kumpandishia sauti kana kwamba ni kiziwi.

Kwenye usajili, kila mshiriki apewe kitambulisho chenye namba ya simu ya mtu wa dharura upande wa nyuma. Taarifa za ugonjwa ziandikwe kwa hiari tu, zishikwe na timu ya huduma ya kwanza, na karatasi ziharibiwe baada ya shughuli.

Hatua ya saba: Siku yenyewe

Ratiba iwe fupi: usajili, maneno ya ufunguzi ya dakika kumi, matembezi ya saa moja na nusu, kisha jukwaa lisilozidi dakika arobaini. Mgeni rasmi atataka kuzungumza kwa muda mrefu, na kazi ya kumkatiza apewe mtu mmoja mapema. Wasemaji watatu wanatosha: daktari au muuguzi atakayesoma kadi ya dalili pamoja na hadhira, mgonjwa, na mtu anayeuguza au aliyefiwa. Mgonjwa mwenye shida ya kusema anaweza kurekodiwa nyumbani kwa utulivu wake, au kuketi jukwaani wakati nduguye akisoma aliyoyaandika. Epukeni kumtaja aliyefariki kuwa “alishindwa vita”. Waliomuuguza husikia kana kwamba kulikuwa na juhudi iliyokosekana.

Waliofiwa watakuja, na wengine watakuja wakiwa na msiba mbichi. Tengeni ubao wa kuandika majina, na mshauri nasaha au kiongozi anayeaminika akae karibu nao bila kulazimisha mazungumzo. Ubao usiwe kwenye mstari wa kuanzia, ambako mgonjwa aliyegunduliwa mwezi uliopita atakutana na orodha ya marehemu kabla hajapiga hatua.

Picha ni suala la idhini ya maandishi, na kwa watoto ni idhini ya mzazi pamoja na ya mtoto mwenyewe. Uvimbe unaweza kuathiri uamuzi wa mtu, kwa hiyo mgonjwa mzima aulizwe tena siku chache baadaye kabla picha yake haijasambazwa. Wasiotaka kupigwa picha wapewe utepe wa rangi tofauti ambao wapiga picha wote wanautambua.

Hatua ya nane: Majuma manne yanayofuata

Ndani ya siku tatu, tangazeni jumla ya awali na kuwashukuru waliochangia. Ndani ya mwezi, toeni taarifa ya ukurasa mmoja: kilichoingia kutoka kila chanzo, kilichotumika, kilichokabidhiwa, kwa nani na kwa tarehe gani, pamoja na stakabadhi ya aliyepokea. Itumeni kwa wadhamini, washiriki na mamlaka iliyotoa kibali. Miezi mitatu au minne baadaye, fedha zikishaanza kazi, tumeni ujumbe wa pili unaosema safari ngapi zimelipiwa. Hakuna tangazo la mwaka ujao litakalolifikia hilo kwa nguvu.

Pimeni pia lengo la ujumbe. Siku ya matembezi, waulizeni watu hamsini kwenye usajili wataje dalili tatu, kisha wapigieni simu haohao, wale waliokubali, baada ya mwezi mmoja. Mkiona wanakumbuka maumivu ya kichwa peke yake, kadi ya mwaka ujao ianze na dalili nyingine.

Mwisho, wapo watakaokuja banda la afya wakisema, “Dalili hizi ninazo.” Namba zao, walizozitoa kwa hiari, akabidhiwe muuguzi mmoja aliyekubali kazi hiyo tangu mwanzo, awapigie ndani ya juma moja kuuliza kama wamefika kwa daktari, na kama hawajafika, awaeleze waanzie zahanati gani na wabebe nini.